Sarafu, sahani, kilo, kichwa na jicho: nyama ya jijini kwa mtu wa Kilungu

Wasomaji wangu, wiki hii seva zipumzike. Nimewachosha vya kutosha na habari za kanzidata, Linux na programu za simu, na wote mnajua kwamba mimi ni mtu wa mashine. Lakini kuna kitu kingine ninachokipenda sawa na kompyuta, na siku nyingine hata zaidi: nyama. Sizungumzii kuku wala samaki, hao ni wageni tu mezani. Nazungumzia mbuzi, na ng'ombe pale mbuzi anapokosekana.

Kwetu ni Kilungu, kule milimani Makueni, lakini kazi iko Nairobi. Kwa hiyo nyama yangu nyingi naila hotelini. (Ndugu zangu wa Tanzania msishtuke: hapa Kenya "hoteli" ni mahali pa kula, hata kama ni mabati manne na benchi moja.) Na baada ya miaka kadhaa ya kula na kulipa, nimeona jambo ambalo sijasikia wala nyama wenzangu wakilitaja. Sote tunabishana ni wapi nyama ni tamu, ni wapi ni laini, ni wapi kachumbari ina pilipili ya kweli. Hatuzungumzii kipimo.

Kila anayeuza nyama lazima aamue atakupimia kwa kitu gani. Nimehesabu vipimo vitano: sarafu, sahani, kilo, kichwa na jicho. Kila kimoja kina mahali ambapo mteja anapunjwa na mahali ambapo muuzaji anaumia. Mtu wa programu ataelewa haraka: ukichagua namna ya kupima, umechagua pia aina ya makosa utakayopata. Tuvipitie kimoja kimoja, tukianza na kile cha bei rahisi.

SARAFU

Hiki ni kipimo cha mutura. Kwa asiyeijua, mutura ni utumbo uliojazwa vipande vya nyama, damu na viungo, ukachemshwa, kisha ukachomwa juu ya makaa kando ya barabara. Wakati wake ni jioni, watu wakitoka kazini.

Mchomaji wa mutura hana mizani wala menyu. Wewe unataja pesa, yeye anataja kwa kisu. "Nikatie ya hamsini." Kisu kinashuka, kipande kinakatwakatwa juu ya ubao, chumvi, kachumbari, basi. Unakula umesimama. Kushoto kwako yuko mtu wa tai, kulia kwako yuko msukuma mkokoteni, na nyote watatu mnachovya kwenye chumvi ile ile.

Hapa pesa haibadiliki, nyama ndiyo inayobadilika. Bei ya utumbo ikipanda, ile ya hamsini inakuwa fupi zaidi, na hakuna tangazo linalotolewa. Lakini kuna ulinzi mmoja mzuri sana: kila mteja anaona cha mwenzake kikikatwa. Mchomaji akikukatia kifupi kuliko alivyomkatia yule wa kabla yako, ubao mzima utanong'ona. Hakuna mkaguzi aliyetumwa na serikali, ila kuna macho manane na jirani mwenye njaa. Kwa pesa ndogo, sijaona mfumo unaojisimamia vizuri hivi.

SAHANI

Mchana ni kibanda. Nyuma ya kila jengo la ofisi Nairobi, na mbele ya kila jengo linalojengwa, kuna mama mwenye sufuria tatu: ugali, sukuma wiki, na nyama ya mchuzi. Unakaa, unasema "ugali nyama", na kabla hujamaliza kunawa mikono sahani iko mbele yako. Kwa kasi hiyo, hakuna seva niliyowahi kuisimamia inayoweza kushindana na mama wa kibanda.

Kipimo chake ni upawa. Upawa mmoja wa mchuzi, vipande vinne vya nyama, na kimoja kati ya hivyo vinne kwa kawaida ni mfupa uliovaa koti jembamba. Mteja wa kila siku anaongezewa kipande. Mgeni anapata alichopata.

Uzuri wa sahani ni kwamba unajua utalipa ngapi kabla hujaketi. Ubaya wake ni kwamba jina "ugali nyama" linabaki vile vile hata kilicho ndani kikibadilika. Kuna hoteli moja karibu na kazini ambayo nimekula kwa muda mrefu. Ubao wa bei haukuguswa mwaka mzima, lakini vipande vilitoka vitano vikawa vinne, halafu vitatu, halafu vitatu vidogo. Sisi wa programu tunaijua tabia hii: jina la kitendo ni lile lile, kinaitwa kwa namna ile ile, lakini mtu ameingia ndani usiku akabadilisha kila kitu bila kumwambia anayekitumia.

Simlaumu mama mwenye kibanda. Bei ya nyama ikipanda, akiongeza shilingi ishirini kwenye ubao wateja watavuka barabara. Akipunguza kipande, watanung'unika na kubaki. Kipimo cha sahani kinamlazimisha kuficha.

KILO

Sasa tumefika nyumbani. Nikiwa na marafiki, na mshahara ukiwa bado una pumzi, tunakwenda kwenye kilo. Kenyatta Market, ambako ukiingia tu unaitwa kutoka kila upande kama waziri aliyezuru kijijini. Au Burma, karibu na Jogoo Road, ambako nyama ndiyo shughuli yenyewe. Au bucha yoyote ya mtaani yenye jiko nyuma na meza pembeni.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi, kazi inakwenda hivi:

1. Unafika dirishani. Nyama imening'inia: paja, mkono, mbavu, shingo. Unatafuta kwanza muhuri wa mkaguzi wa nyama.

2. Unachagua sehemu. Mbavu kwa anayependa mafuta na kung'ata, paja kwa anayetaka nyama yenyewe.

3. Mwenye bucha anakata, anatupa kwenye mizani, na namba unaiona kwa macho yako.

4. Unasema unataka ichomwe, au ikaangwe na nyanya na vitunguu, au nusu kwa nusu.

5. Nyama inaingia jikoni. Wewe unakwenda mezani kusubiri.

6. Inarudi juu ya ubao, inakatwa mbele yako, chumvi kando. Unanawa kwa maji ya moto, unakula na ugali na kachumbari, na unalipa kwa namba ya M-Pesa iliyobandikwa ukutani.

Ukiangalia hatua ya 1 hadi ya 3, huu ndio mfumo ulio wazi kuliko yote. Unamwona mnyama, unaona kisu, unaona mizani. Mnamo Julai 2019 kituo cha NTV kilirusha uchunguzi wa nyama ya madukani iliyotiwa sodiamu metabisulfaiti ili ionekane mbichi kwa siku nyingi. Miongoni mwa rafiki zangu, wengi waliokuwa wakinunua nyama iliyofungwa kwa plastiki walirudi dirishani kwa mwenye bucha. Nyama inayoning'inia na kutuliwa na nzi mmoja wawili iliwapa imani kuliko ile iliyometameta chini ya taa.

Shida iko hatua ya 5. Kati ya mizani na ubao kuna ukuta, na kuna muda wa saa nzima. Kilo yako imeingia gizani na nyingine saba. Nyama mbichi ina sura. Ikishachomwa, zote zinafanana. Utajuaje kwamba iliyorudi ni ile ile?

Kuipima upya hakusaidii sana, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Karibu robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji. Ikikaa juu ya makaa inapoteza robo hadi theluthi ya uzito wake, kwa maji yanayotoka kama mvuke na mafuta yanayodondoka. Kwa hiyo kilo moja mbichi inarudi ikiwa gramu 700 hivi, mifupa ikiwemo, bila mtu yeyote kukuibia. Nimeona mtu mzima akimfokea mhudumu "kilo yangu iko wapi!" na jibu la kweli lilikuwa: imepaa, mzee, itazame pale juu ya paa.

Kinachosaidia ni mbavu. Nyama inapungua, mbavu hazipungui idadi. Ukichagua upande wa mbavu, zihesabu pale dirishani. Zilizoingia sita lazima zitoke sita. Tunapotuma faili kwenye mtandao tunaambatisha namba ndogo ya uhakiki, ili upande wa pili ujue kama kuna kilichopotea njiani. Mbavu ndiyo namba hiyo. Mungu mwenyewe ameiandika ndani ya mbuzi :-)

Niliwahi kuitumia mahali fulani ambapo sitapataja. Zimeingia sita, zimetoka nne. Mhudumu alisema mbili zilianguka motoni. Nikamwomba anionyeshe moto. Akarudi jikoni, na baada ya dakika tano zile mbavu mbili zikafufuka, zikiwa zimeiva vizuri sana.

Kitu kingine cha kujua ni muda. Mbuzi aliyepanda na kushuka vilima maisha yake yote ana nyuzi ngumu ndani ya nyama, na nyuzi hizo zinahitaji joto la polepole ili zilainike. Mchomaji mzuri anaiweka mbali na mwali, anaigeuza, anaisubiri. Saa moja ni kawaida. Ukiletewa mbuzi wa kuchoma baada ya dakika ishirini, ama ilichemshwa kwanza kisha ikapitishwa motoni kwa ajili ya rangi, ama ni nyama ya mtu mwingine.

Na tusisahau makaa yenyewe. Makaa mengi yaliyochoma nyama ya Nairobi yametoka Ukambani. Mnamo Januari 2018 kaunti ya Kitui, chini ya gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa, na mwezi uliofuata serikali ya taifa ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Watu wa jijini walilalamika bei ya gunia. Wachache waliuliza mti uliokatwa ulikuwa na umri gani. Kwa hiyo mezani mara nyingi tunakula mbuzi wa kwetu aliyechomwa kwa mti wa kwetu, na mizani imepima kimoja tu kati ya hivyo viwili.

KICHWA

Kipimo hiki si cha kila siku, lakini orodha haitakamilika bila yake. Carnivore, pale Lang'ata, ilifunguliwa mwaka 1980 na ndiyo hoteli ya nyama ya Nairobi inayojulikana zaidi na wageni. Nyama inachomwa kwenye jiko kubwa la mviringo, imechomekwa kwenye panga za Kimaasai, na wahudumu wanazunguka nayo meza kwa meza wakikukatia moja kwa moja kwenye sahani. Hulipi kwa kilo. Unalipa kwa kichwa, chako, halafu unakula mpaka useme basi. Na namna ya kusema basi ni kulaza kibendera kidogo kilichosimama katikati ya meza. Kikiwa kimesimama, nyama inaendelea kuja.

Nilipelekwa huko mara moja, kwa sherehe ya kazini. Kama mtu wa mifumo nilikipenda kile kibendera kupita kiasi, kwa sababu ni alama moja tu, ina hali mbili, na kila mhudumu anaisoma kutoka mbali bila kuuliza.

Lakini tazameni hesabu yake. Kwa kilo, hatari ni ya mteja: nyama ikipungua, ni yake. Kwa kichwa, hatari imehamia kwa mwenye hoteli. Yeye anacheza kamari kwamba wengi watashiba supu, mkate na viazi kabla ya kufika mbali. Mtu wa Kilungu asiyegusa viazi ni hasara kwenye vitabu vyake. Nilitimiza wajibu wangu.

JICHO

Vipimo vinne hivyo vyote ni vya jijini, na vyote vinampima mbuzi aliyekwisha kufa. Cha tano ni cha kwetu.

Ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Mombasa hadi Salama, kisha unaiacha na kupanda milima kuelekea Nunguni. Kilungu si ile Ukambani ya jua kali mnayoiona kwenye picha za ukame. Ni baridi, ni miteremko, ni matuta yaliyochimbwa kwa mikono juu ya mashamba madogo. Kwa udogo huo hakuna anayefuga mbuzi mia. Nyumba ina wanne, watano, wamefungwa kwa kamba kando ya shamba. Kwa Kikamba tunamwita mbui, na kazi yake ya kwanza si kuliwa. Kazi yake ni kungoja. Anangoja karo ya shule, anangoja hospitali, anangoja mazishi. Siku ikifika, anauzwa.

Na anauzwaje? Broka anakuja. Anamshika mbuzi mgongoni, anabonyeza karibu na uti, anamnyanyua kidogo kwa mbele, anatazama meno. Halafu anataja bei. Hakuna mizani. Hata ukimshusha hadi soko la mifugo la Emali, ambako mbuzi ni wengi na wanunuzi ni wengi, biashara inakwenda kwa jicho na mkono.

Jicho la broka si la kudharau. Anashika mbuzi wengi kila wiki, na mkono wake umekuwa mizani. Taabu ni kwamba ni mizani ambayo namba yake anaiona yeye peke yake. Baba yangu anauza mbuzi wawili au watatu kwa mwaka. Jicho lake halijafunzwa hivyo, na halitafunzwa kamwe kwa mbuzi watatu.

Mbuzi wa kwetu anawekwa kwenye mizani kwa mara ya kwanza akiwa ameshakufa. Mimi nasimama dirishani Nairobi nikibishana juu ya gramu hamsini, na mnyama huyo huyo aliondoka Kilungu mzima mzima bila namba hata moja. Mimi na baba tuko kwenye ncha mbili za mbuzi mmoja. Ncha yangu ina mizani, muhuri na mbavu za kuhesabu. Ncha yake ina neno la mtu mwenye haraka ya kuwahi lori.

Nikaanza kutafuta namna ya kumpima mbuzi hai bila mizani. Ipo, na ni ya zamani. Wafugaji na madaktari wa mifugo wameitumia miaka mingi. Unahitaji tepu ya fundi wa nguo tu:

- Zungusha tepu kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Huo ndio mzunguko.
- Pima kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Huo ndio urefu.
- Mzunguko mara mzunguko mara urefu, vyote kwa sentimita. Gawanya kwa 10,838. Jibu ni kilo, kwa makadirio.

Mfano: mzunguko 70, urefu 62. Mara zote zinatoa 303,800. Gawanya, unapata kilo 28. Ukimchinja, nyama pamoja na mifupa ni chini kidogo ya nusu ya hapo. Kwa asilimia 45 ni kilo 12.6.

Si mizani, na inakosea, hasa mbuzi akiwa na mimba au tumbo likiwa limejaa majani na maji. Lakini ni namba, na baba hakuwa na namba yoyote.

Nilimwandikia programu ndogo ya simu. Aliitazama kwa heshima, akaniuliza kama inafanya kazi simu ikizima. Basi nikaichapisha kama jedwali: mzunguko upande mmoja, urefu juu, kilo katikati. Mama akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Programu yangu inayotumika kuliko zote haina hata betri.

Broka alipokuja mara iliyofuata, baba alitoa tepu.

"Mzee, mbuzi si kitambaa," broka akamwambia.

"Na wewe kule Nairobi huuzi kitambaa," baba akamjibu. "Unauza kilo."

Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 6,000. Kwa jedwali, mbuzi yule alikuwa na kilo 28, yaani kilo kumi na mbili na nusu hivi za nyama. Tuseme bucha inauza kilo mbichi kwa 700: ni shilingi 8,800, ukiacha kichwa, miguu, matumbo na ngozi, ambavyo navyo vina wenyewe. Baba hakutaka 8,800, kwa sababu si mjinga. Broka ana lori, ana kibali cha kusafirisha, ana ushuru wa kaunti, ana mbuzi anayekufa njiani. Mwenye bucha ana kodi ya chumba, makaa na mchomaji. Wote lazima wale. Alichotaka baba ni mazungumzo yaanzie kwenye kilo badala ya kuanzia kwenye haraka ya broka. Waliachana kwa 7,000.

Shilingi elfu moja. Jijini hiyo inaisha kwa kilo moja ya mbuzi wa kuchoma, na ugali unalipia kando. Kule kwetu ni viatu vya shule vya mtoto wa dada yangu, navyo ndivyo vilivyonunuliwa.

KWA WALA NYAMA WENZANGU

Msidhani nimeacha kula. Ijumaa niko mezani kama kawaida. Ila nimejiwekea mambo machache, chukueni mtakayopenda:

1. Kula kwa kilo pale unapoweza. Ndicho kipimo pekee ambacho mteja na muuzaji wanasoma namba moja.

2. Tazama muhuri kabla ya kutazama mafuta.

3. Hesabu mbavu kwa sauti. Huna haja ya kugombana na mtu. Kuhesabu tu kunatosha.

4. Kumbuka theluthi inayopaa. Watu wanne wenye njaa, agiza kilo mbili mbichi, si moja na nusu.

5. Usimharakishe mchomaji. Anayeharakishwa anachemsha.

6. Kama kwenu kunafugwa, nunua tepu. Ni bei ya kipande cha mutura.

Jirani yetu mmoja pale Kilungu ameshakuja kunakili jedwali kwenye daftari la mtoto wake. Wa pili alikuja na mbuzi mwenyewe, akapimwa pale pale mlangoni, akapata kilo 31, akarudi naye nyumbani. Alisema hakuja kuuza. Alitaka kujua tu.